Kuamini "Kwamba" na Kusadiki "Kwa"



Vijana wetu wa Ushongo wanaofanya kazi katika hoteli za ufukweni, wapishi, walinzi na wale wanaowapeleka wageni kwa mashua hadi kisiwa cha Maziwe, hukutana na swali ambalo wazee wao hawakuulizwa. Mgeni akimwona kijana anafanya ishara ya msalaba kabla ya chakula, au mwenzake akiomba ruhusa ya kwenda kuswali Ijumaa, humwuliza kwa upole kabisa: "Hivi wewe unaamini kweli?" Kijana hujibu kwamba anaamini, kisha humrudishia swali lake, na mgeni husema kwamba yeye haamini. Jioni habari hufika kijijini ikiwa imekwisha kubadilika sura: "Yule Mzungu hana Mungu."

Nimeisikia habari ya namna hii mara nyingi, nami nimeona inafaa kuitafakari juma hili. Maoni yangu ni kwamba wawili hao hawajabishana. Hata kutofautiana, bado hawajatofautiana, kwa sababu kila mmoja ametumia neno "kuamini" kwa tendo lake, na kumsikia mwenzake kana kwamba anasema juu ya tendo hilohilo. Kosa hili lina historia katika nchi zetu, na historia hiyo ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Tuanze na maneno yenyewe, maana lugha yetu ina utajiri ambao hatuutumii. Amini, imani, amani, amana, mwaminifu, na hata ile Amina tunayoitikia, iliyotufikia kutoka Kiebrania, yote ni matawi ya shina moja la lugha za Kisemiti, lenye maana ya kuwa imara, kutegemeka, kuwa salama. Hapa pwani mwenye duka akimpa mvuvi unga na sukari kabla samaki hawajauzwa, tunasema amemwamini. Tajiri wa chombo anayewadhulumu mabaharia wake tunasema hana imani, wala hatumaanishi kwamba haendi msikitini au kanisani. Twamaanisha hana huruma. Na Bunge letu, kwa Ibara ya 53A ya Katiba, laweza kupiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Mwezi Aprili 2012, baadhi ya wabunge walipokusanya saini za hoja ya namna hiyo dhidi ya Waziri Mkuu Mizengo Pinda, hakuna Mtanzania aliyedhani kwamba wabunge wale walikuwa na shaka kama Mheshimiwa Pinda yupo.

Hiyo ndiyo maana ya kwanza: kumwamini mtu, kumkabidhi amana, kumtegemea. Lakini ipo nyingine. Twasema "sijui hakika, lakini naamini kwamba kivuko kitavuka leo." Hapa kuamini ni kitu pungufu kuliko kujua. Ni kuziba pengo pale ambapo ushahidi haujatosha. Neno "sadiki", ambalo shina lake la Kiarabu ni la ukweli (ndugu yake ni sadaka), nalo hutumika sana kwa maana hiyo ya kukubali habari kuwa kweli. Jirani yetu wa Tanga, Sheikh Shaaban Robert, ambaye aliwahi kufanya kazi ya forodha hapa Pangani, alilichezea neno hilo kwa ustadi mkubwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1951 aliibuni nchi iliyo angani, akaiita Kusadikika: nchi ambayo haipo popote isipokuwa katika kusadikiwa na msomaji.

Mgeni wa hotelini anaposema "siamini", anasema kwa maana hii ya pili. Kwake yeye imani ni kukubali kwamba jambo lipo bila ushahidi wa kutosha, na mtu mwadilifu, kwa fikira zake, hupaswa kuipunguza imani ya namna hiyo kadiri awezavyo. Kijana wetu anaposema "naamini", mara nyingi anasema kwa maana ya kwanza: nina Mtu ninayemtegemea, niliyepewa na wazazi wangu, ambaye sijamwacha.

Waliotutafsiria Kanuni ya Imani walilijua jambo hili. Hawakuandika kwamba tunasadiki "kwamba" Mungu yupo. Waliandika tunasadiki "kwa" Mungu, wakailazimisha kidogo sarufi ya Kiswahili ili wauhifadhi ule mwelekeo uliomo katika Kilatini. Mt. Augustino alikwisha kulifafanua, na Mt. Tomaso wa Akwino akalipanga katika ngazi tatu: kuamini kwamba Mungu yupo, kumwamini Mungu anaposema, na kuamini kwa kumwendea Mungu. Ngazi ya kwanza peke yake haimtoshi mtu, kwa maana Mtume Yakobo anasema hata mashetani wanayo, nayo huwatetemesha tu (taz. Yak 2:19). Tukisema kwa lugha ya leo, shetani si mkanamungu. "Kwamba" zake zote ziko sahihi.

Na hilo neno "mkanamungu" tulitazame vizuri, kwa sababu nalo lina hila yake. Kukana ni kukataa kitu ambacho ni chako: mtu hukana deni, hukana mtoto, na Petro alimkana Bwana aliyekula naye mezani. Tunapomwita mtu mkanamungu tumekwisha kumhukumu kwa maana yetu sisi. Tumesema kwamba alimjua Mungu, alikuwa na agano naye, akalivunja. Wapo watu wa namna hiyo. Lakini mgeni aliyezaliwa katika nyumba ambamo jina la Mungu halikutajwa hata siku ya mazishi, amemkana nani? Yeye atasema hajamkana mtu yeyote; ameambiwa habari, na habari hiyo haijamridhisha. Basi kama yeye anavyolisikia neno letu "imani" kwa masikio yake, sisi nasi humsikia "siamini" yake kwa masikio yetu. Yeye hutuona kama watu waliodanganyika, nasi humwona kama msaliti.

Nasi Wakristo tungepaswa kuwa wa mwisho kulitumia neno hilo kwa haraka, maana sisi ndio tulioitwa hivyo zamani. Katika miji ya Dola la Kirumi Wakristo walishitakiwa kuwa watu wasio na miungu. Mt. Polikarpo, askofu wa Smirna, alipofikishwa mbele ya liwali katika uwanja wa michezo, yapata mwaka 155, aliamriwa aseme kwamba wasio na miungu waangamizwe, yaani awalaani Wakristo wenzake. Mzee yule aliugeukia umati wa wapagani, akaunyoshea mkono, akalisema neno hilo kwao. Liwali hakumwuliza Polikarpo kama anakubali kwamba miungu ya Roma ipo. Alichotaka ni aape kwa bahati ya Kaisari, yaani aonyeshe uaminifu wake uko wapi. Hata huko, basi, shauri halikuwa la "kwamba".

Sasa tuje kwetu Afrika Mashariki, maana hapa ndipo historia inapochoma.

Mshairi na mtaalamu wa Uganda, Okot p'Bitek, katika kitabu alichokitoa mwaka 1970 juu ya jinsi wasomi wa Magharibi walivyoziandika dini za Kiafrika, anasimulia tukio la mwaka 1911. Mapadre wa Kiitalia waliwakusanya wazee wa Kiacholi, wakataka kujua ni nani aliyewaumba. Kiluo, anasema Okot, hakikuwa na neno la kuumba kwa maana ile ya Kanisa. Swali likageuka kuwa: nani aliwafinyanga? Wazee wakashangaa. Mtu hafinyangwi, mtu huzaliwa na mama yake. Mapadre wakasisitiza kwamba lazima yupo aliyewafinyanga. Hatimaye mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu akipatwa na ule ugonjwa wa uti wa mgongo unaompinda akawa na kibiongo, husemwa kwamba amefinyangwa na Rubanga. Wageni wakaridhika: wamelipata jina la Muumba. Na Rubanga, kwa simulizi la Okot jina la pepo anayevunja migongo ya watu, likaingia katika katekisimu na katika sala.

Mimi ni padre, na simulizi hili sipendi kulisoma. Hata hivyo nimelirudia mara nyingi, kwa sababu nadhani lina jambo kubwa zaidi ya kosa la tafsiri. Wale wazee waliulizwa swali la "kwamba", nao hawakuwa na jibu la "kwamba", si kwa sababu hawakuwa na dini. Dini yao ilikuwa katika kutenda: kwenda kwenye kijumba cha mababu mtoto anapougua, kupatanisha ukoo, kuomba mvua. Kwa wazee wa Kizigua na wa Kibondei, majirani zetu wa bara, mambo nayo hayakuwa mbali na hayo. Asiyefika kwenye tambiko la ukoo hakuulizwa ana maoni gani. Aliulizwa alikuwa wapi. Mmisionari alileta habari njema, nami naishi kwa habari hiyo. Lakini pamoja nayo alileta mtihani wa maswali na majibu, na wengi wetu tuliingia Ukristo kwa kupita mtihani huo. Mtu akishafundishwa kwamba imani ni orodha ya majibu, amefundishwa pia namna ya kuiacha: siku moja ataona jibu moja halimtoshi, na orodha nzima itaanguka.

Okot mwenyewe alipita njia hiyo. Alizaliwa mwaka 1931 huko Gulu, akasoma shule za misheni, akaenda Uingereza hadi Oxford, na kufikia hapo hakujiita tena Mkristo. Wale miongoni mwenu waliosoma utenzi wake maarufu wa mwaka 1966, ambao Paul Sozigwa aliuleta kwa Kiswahili mwaka 1975 kwa jina la "Wimbo wa Lawino", watakumbuka jinsi Lawino anavyowaendea walimu wa dini na maswali yake juu ya uumbaji, nao humkasirikia badala ya kumjibu. Nikisoma sehemu ile huwafikiria makatekista wetu, na kujifikiria mimi mwenyewe siku za Jumamosi nikiwa nimechoka.

Aliyempinga Okot, au tuseme aliyepingwa naye, alikuwa Mkamba wa Kitui aliyezaliwa mwaka huohuo wa 1931: Mchungaji John Mbiti, wa Kanisa la Anglikana, aliyefundisha Makerere kuanzia mwaka 1964 hadi 1974 na kufariki nchini Uswisi mwaka 2019. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, Mbiti alishikilia kwamba Mwafrika ni mtu wa dini katika kila jambo, na kwamba kwa desturi zetu za asili mtu hawezi kujitenga na dini ya watu wake, kwa maana kufanya hivyo ni kujitenga na jumuiya yenyewe. Okot akajibu kwamba Mbiti na wenzake, kwa uchungu wa kudharauliwa na Wazungu, waliivika miungu ya Kiafrika kanzu za Kigiriki ili ionekane ya heshima mbele ya wageni.

Nani alikuwa na haki? Katika suala la kila kabila na jina la Mungu wake, wanaojua lugha hizo waamue. Ninachokiona mimi ni kwamba walibishana juu ya "kwamba": Mbiti akitaka kuonyesha kwamba mababu walikubali kuwapo kwa Mungu mmoja, Okot akitaka kuonyesha kwamba fikira hiyo haikuwa yao. Lakini ukiwasoma kwa utulivu, wote wawili, Mchungaji na yule aliyeacha kanisa, wanaiweka dini ya mababu mahali pamoja, katika uaminifu wa mtu kwa watu wake, walio hai na waliokufa. Hapo hawakugombana, na hapo ndipo ningependa wangeendelea.

Nchini kwetu Tanzania tulipata mfano mwingine, wa imani isiyodai dini yoyote. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, na Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari. Sehemu yake ya kwanza inaitwa "Imani ya TANU". Wale wa rika la wazazi wangu waliifahamu kama walivyofahamu sala. Sehemu hiyo ni mfululizo wa "kwamba": kwamba binadamu wote ni sawa, kwamba kila mtu anastahili heshima, na kuendelea. Lakini sehemu ya pili inabadilisha lugha. Inasema ujamaa wenyewe ni imani, imani ya namna ya kuishi, ambayo haiwezi kujijenga yenyewe bila watu wanaoiamini na kuifuata. Na sehemu ya tano inaleta kipimo cha imani hiyo: kiongozi asiwe na hisa katika makampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwalimu Nyerere, aliyependa kusali Misa kila alipoweza, aliandika hati moja yenye maana zote mbili za neno.

Mwaka 1968, katika utangulizi wa mkusanyo wa hotuba na maandiko yake, Mwalimu alieleza wazi kwamba ujamaa hauna la kusema kama Mungu yupo au hayupo. Mjamaa anaweza kuwa Mkristo, Mwislamu, au mtu asiye na dini. Baadhi ya wasomi wa Kimaksi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hawakupendezwa. Kwao ujamaa ulipaswa kuwa sayansi, na neno imani lilinuka sakristia. Kwa upande wa pili, wako waamini Wakatoliki walioogopa kwamba ujamaa ni mlango wa nyuma wa kuingizia ukanamungu. Mwalimu alikaa katikati, akawataka wote wawili waishi kijijini pamoja. Ndiyo sababu Katiba yetu bado inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini, na ndiyo sababu tangu sensa ya mwaka 1967 hatujaulizwa dini zetu tunapohesabiwa.

Mwisho wa habari hiyo mwaujua. Mwezi Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar, na yale masharti ya uongozi yakalegezwa. Orodha ya imani haikuguswa. Hadi leo katiba ya chama inaendelea kutaja kwamba binadamu wote ni sawa na kwamba ujamaa na kujitegemea ndiyo njia. Siandiki siasa hapa, natazama neno tu. "Kwamba" zilibaki zote mahali pake. Kilichoondoka ni amana. Naye padre anayeyasema haya ya chama ana Misa ya Dominika ambamo watu husimama, husema Kanuni ya Imani kwa pumzi moja bila kukosea hata neno, kisha huketi.

Jirani zetu wa Kenya wametupa kisa cha karibu zaidi. Mwezi Februari 2016 kilisajiliwa huko chama cha wasioamini Mungu. Mwisho wa Aprili, baada ya malalamiko ya viongozi wa dini, usajili wake ukasimamishwa kwa hoja kwamba kinahatarisha amani. Baadaye kiliendelea na shughuli zake. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu zaidi ya 750,000 waliojitaja kuwa hawana dini. Kisha mwezi Mei 2021 chama kikatangaza kwamba katibu wake amejiuzulu, kwa sababu amempata Yesu Kristo na hana tena hamu ya kuendeleza ukanamungu.

Habari ile ilisambazwa sana katika simu zetu, na wengi waliishangilia kama goli. Mimi nilivutiwa na tangazo lenyewe. Chama hakikusema kwamba katibu ameshawishika na hoja fulani. Kilimtakia heri katika uhusiano wake mpya na Yesu, kikamshukuru kwa utumishi wake wa mwaka mmoja na nusu, kikaomba wanachama wengine wajitokeze kujaza nafasi. Uhusiano! Neno hilo waliliandika wao wenyewe, watu ambao kila siku hutuuliza juu ya ushahidi. Katika barua moja fupi walitambua kwamba mwenzao hakubadilisha jibu la mtihani; amekwenda kwa mtu. Na waliagana naye kwa adabu ambayo sina hakika kama sisi tungeionyesha iwapo mwenyekiti wa parokia angetangaza kinyume chake.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili lote. Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia nyingine niliyohudumu, mama mmoja alinijia usiku. Baba yake mzazi alikuwa amefariki, na mazishi yalikuwa kesho yake. Mwanawe wa kiume, aliyesoma chuo kikuu, alikuwa amewaambia ndugu kwamba yeye haamini tena, hatapokea Komunyo wala hatasema sala za marehemu, ila atachimba kaburi na kulibeba jeneza la babu yake. Wajomba walikasirika. Walisema mkanamungu asiguse jeneza. Mama akaniuliza: "Baba Padre, nimzuie mwanangu?"

Nilimwambia asimzuie. Kesho yake kijana yule alibeba, akashuka kaburini kupokea jeneza, akashika koleo hadi udongo ukaisha. Hakufanya ishara ya msalaba. Mmoja wa wajomba, aliyeifanya vizuri sana, hakuwa amekanyaga kwa marehemu kwa miaka mingi ya ugonjwa wake.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba kijana yule alikuwa mwamini bila kujijua. Yeye mwenyewe angechukia kuambiwa hivyo, na nadhani ni utovu wa heshima kumbatiza mtu kwa nguvu kwa kutumia wema wake. Tulipozungumza baadaye nilimweleza haya ya "kwa" na "kwamba", naye akanijibu bila kusita: "Lakini Padri, huwezi kumtegemea mtu kabla ya kujua kwamba yupo." Ana haki. Anayemwamini mwenye duka anajua kwamba duka lipo. Kanisa halijafundisha kamwe kwamba "kwamba" ni kitu cha kutupwa. Mtaguso wa kwanza wa Vatikano, mwaka 1870, ulifundisha kwamba akili ya binadamu yaweza kumjua Mungu kutokana na viumbe, na Katekisimu ya mwaka 1992 huiita imani kwanza ni kuambatana na Mungu, na papo hapo ni kukubali ukweli aliotufunulia. Tofauti yangu na kijana yule ipo, ni kubwa, na haitaondolewa kwa uchunguzi wa maneno. Ila sasa twajua iko wapi. Yeye anasubiri "kwamba" ndipo aende. Mimi nimekwenda, na "kwamba" nyingi nimezipata njiani, na nyingine bado sijazipata.

Hata watakatifu hawakuzipata zote kwa hisia. Barua za Mama Teresa wa Calcutta zilipochapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, dunia ilisoma kwamba kwa karibu nusu karne hakuhisi kuwapo kwa Mungu hata kidogo. Kuna waandishi waliosema kwamba, kumbe, alikuwa mkanamungu kwa siri. Kwa maana yao ya neno imani, walikuwa na sababu ya kusema hivyo. Kanisa lilimtangaza mtakatifu tarehe 4 Septemba 2016.

Nao Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo ya tarehe 7 Desemba 1965, walikiri kwamba waamini wenyewe wanayo sehemu yao katika kuzaliwa kwa ukanamungu, kwa mafundisho mabovu na kwa maisha yanayouficha uso wa Mungu. Ningependa tuisome sehemu hiyo, namba 19 hadi 21, katika jumuiya zetu ndogondogo.

Kijana wa kaburini bado huniandikia. Majuzi aliniuliza juu ya Mtume Tomaso, ambaye alidai ushahidi wa kidole na jicho (taz. Yoh 20:24-29). Hamuulizii Tomaso mwenyewe. Anataka kujua wale wenzake kumi walikaa naye vipi siku nane, wao wakiwa wamekwisha kuona na yeye akisema hasadiki, bila kumtoa chumbani. Nimemwahidi kwamba Dominika ijayo, Mungu akipenda, nitajaribu.

Nawatakieni juma jema.